Kofia za Mashine ya Fundi Rangi

Nimeshona kofia nyingi maishani mwangu, za harusi, za Idi, za watoto wa madrasa wanaozipoteza kabla ya Ijumaa ya pili, lakini za mashine nimemshonea mtu mmoja tu. Alikuwa jirani yangu Kibiti, kando ya barabara kuu. Banda lake na kibanda changu cha cherehani vilitenganishwa na ukuta wa bati ambao haukuzuia kitu: si vumbi, si kelele, si maneno. Wote tulimwita Fundi Rangi. Hata mkewe alimwita hivyo, na akimkasirikia alizidi kumwita hivyo.

Kazi yake ilikuwa kupaka magari rangi na kuyang'arisha. Kupaka alikuona ni kazi ya kawaida, mtu yeyote ambaye mkono wake hautetemeki anaweza. Kung'arisha ndiko kulikomnyima usingizi. Alikuwa na mashine ya umeme yenye kichwa bapa kinachozunguka, na kichwa hicho huvalishwa kitu laini cha kusugulia rangi mpaka ing'ae. Mafundi wengine wanakiita pedi. Yeye alikiita kofia, na alizibishania kofia jinsi wanaume wengine wanavyobishania mpira.

Siku ya kwanza aliingia kibandani kwangu bila hodi.

"Mama Tatu, nishonee kofia. Duara, upana inchi saba, na kamba ya kufungia chini."

"Ya mtoto wa nani huyo mwenye kichwa bapa?"

"Si ya mtoto, ya mashine. Ikizunguka kichwa wazi inakula rangi za watu."

Nikamshonea ya taulo. Akaipokea, akafumba macho, akaiegemeza shavuni kama mtu anayeumwa jino. Kisha akanirudishia. "Hii inakwaruza." Taulo jipya kabisa, limeshuka kwenye basi juzi. Nikamshonea ya flana, ile tunayoshonea nguo za vichanga. Shavuni tena. "Hii sawa, lakini hii ni ya mwisho. Bado ya mwanzo na ya katikati."

Nikapewa somo ambalo sikuliomba. Kofia ya mwanzo sharti iwe ya manyoya, maana manyoya yana nguvu na ndiyo yanayofuta alama za msasa. Ya katikati ni ya sponji, inatuliza. Ya mwisho ni ya flana, nayo kazi yake ni kupakaza tu, kama mama anavyompaka mtoto mafuta akishamwogesha. Ukitanguliza flana umepoteza siku yako. Ukimalizia na manyoya unaacha utando wa buibui, yaani mikwaruzo midogo ya mviringo ambayo kivulini huioni, gari likitoka juani inajitangaza boneti zima. Utando wa buibui aliuchukia kuliko mtu yeyote, na alikuwa na watu kadhaa aliowachukia.

Shida ilikuwa lile shavu. Hakuamini vidole. Vidole vya fundi, alisema, vimeshakufa kwa msasa, lakini shavu lililonyolewa linaona. Kwa hiyo kila kitambaa kilichoingia kibandani kwangu kilipitia shavuni mwake. Alijaribu suruali za shule. Alijaribu satini ya bibi harusi mmoja, mbele ya shangazi wa bibi harusi mwenyewe, mama wa watu akapiga ukelele.

"Anafanya nini na gauni la mwanetu?"

"Anapima," nikasema.

"Anapima nini, kwa shavu?"

Nikamwambia huyu bwana ana homa, kitambaa kinampoza.

Sponji alikuwa akiipata nyumbani. Alianza na kona moja ya godoro la wageni, akasema haitaonekana, shuka litafunika. Kofia ile ikachakaa akarudi kwenye kona ya pili. Mkewe aligundua siku mgeni wao alipoamka asubuhi akauliza, kwa adabu, kama desturi ya nyumba hii ni kulala kwenye chapati. Kona zote nne zilikuwa zimekwenda.

Na ndala je? Rangi mpya ikikauka huwa na vinundu vidogo kama ganda la chungwa, na vinundu hivyo lazima uvisawazishe kwa msasa wa maji kabla hujaivalisha mashine kofia. Fundi Rangi aliloweka msasa wake tangu jioni, kwenye ndoo yenye tone la sabuni. Alianza na namba elfu moja mia tano, akamalizia na elfu mbili, akisugua kwa kunyoosha, mbele na nyuma, hazungushi hata ukimpa nini. "Kuzungusha ni kwa mwenye kusonga ugali," alisema. Chini ya msasa aliweka kipande cha soli ya ndala ili mkono usibonyee. Lakini si ndala yoyote. Alishika imani kwamba watu hukanyaga zaidi kwa mguu wa kulia, basi ya kushoto hubaki na ulaini wake. Akawa anaomba ndala za kushoto mtaa mzima. Wengine walimpa, wengine walikuta zimeshatoka. Kwa muda wa miaka kadhaa, ukimwona mtu wa mtaa wetu amevaa ndala ya bluu huku na nyekundu huku, hakuna haja ya kuuliza alipita wapi.

Kisa kilichompa jina mpaka Ikwiriri ni kile cha gari la shehe. Shehe wetu alikuwa na gari dogo jeupe, kalileta kwa Fundi Rangi lipakwe upya, na Fundi akaona heshima ya shehe inadai kofia ya manyoya halisi. Akapanda pikipiki mpaka maporini huko Chumbi kwa wafugaji, akarudi na ngozi ya kondoo mabegani, akaianika siku mbili. Nikamwambia bado ina harufu. Akaiegemeza shavuni, akasema laini, shona. Nikashona nimejifunga mtandio puani.

Kweli ilisugua vizuri. Lakini mashine ikizunguka inapata moto, na moto ule ukaamsha mafuta ya kondoo, yakaingia kwenye kila mfereji wa bati la gari lile. Shehe akaliwasha kwenda kusalisha adhuhuri. Hakufika mbali, mbwa mmoja akatoka nyuma ya bucha akamfuata. Kufika msikitini walikuwa wanne, wamejipanga, na aliposhuka tu wakaanza kulilamba mlango hadi mlango.

Kwetu sisi, kitu akikilamba mbwa hukioshi mara moja ukaondoka. Mara saba, na moja katika hizo kwa udongo. Shehe alipotamka neno udongo, Fundi Rangi, aliyekuwa amefika mbio na kobazi mkononi, alikaa chini pale pale uani.

"Udongo, shehe? Kwenye rangi mbichi?"

"Ndiyo sheria, Fundi."

"Sheria imesema udongo mnene au mwembamba?"

Shehe akafikiri. Akasema udongo ni udongo, mradi uwe safi. Basi Fundi akakimbia kwangu akachukua kipande cha shela, akachukua chekecheke la unga la mkewe, akachekecha udongo wa kichuguu mara tatu mpaka ukawa kama poda ya mtoto. Akauchanganya na maji na akaosha mwenyewe, kwa flana, kwa kunyoosha, hazungushi, huku shehe anahesabu kwa sauti. Gari lilitoka linang'aa kuliko lilivyoingia. Wapo waliokuja baadaye kumwomba awaoshee kwa udongo ule ule, akawafukuza.

Katika kusubiri hakuwa na mwenzake. Rangi mbichi, alisema, imelala, na mtu mwenye akili hamwamshi aliyelala. Ukiisugua kabla haijakomaa inang'aa leo, wiki ijayo inafifia kama uso wa mwenye malaria. Aliinusa kila asubuhi. Ikinuka bado, hakuna kazi. Wenye magari hawakuelewa mambo ya kunusa, wakawa wanakuja kuchukua magari yao kwa nguvu, naye akabuni dawa: alifungua tairi moja na kulificha. Alilificha kwangu, chini ya kitambaa, wateja wangu wakalikalia kama kiti. Afisa mmoja kutoka Utete alikuja akabisha, akagomba, akachoka, akaja kupumzika kibandani kwangu, akakaa juu ya tairi lake mwenyewe akilia kwamba tairi lake limeibiwa. Nikampa maji ya kunywa.

Lakini mtu huyu huyu hakuweza kusubiri chai ipoe. Miaka yote niliyomjua ulimi wake ulikuwa umeungua. Aliwakataza watu kuegemea gari, na yeye ndiye aliyekuwa analala nalo shavu kwa shavu. Na pikipiki yake, lo, pikipiki yake ilikuwa kutu tupu, tangi limekuwa rangi ya samaki aliyekaushwa. Nilipomuuliza akasema ile ni ya kwendea, si ya kutazamwa.

Hakujua kukataa kazi, hilo nalo lilimponza. Alikuja bwana mmoja kutoka Maparoni, kule Delta, mwenye boti ya kubebea abiria na mpunga, amesikia habari za gari la shehe. Anataka boti yake ing'ae vile vile. Fundi Rangi akafunga mashine yake kwenye shuka, akachukua kofia nane, akaenda akakaa wiki tatu. Aling'arisha nje, akang'arisha ndani, akang'arisha na ile kingo ya juu ambayo abiria hukalia. Hakuna aliyemwambia aache. Siku ya kwanza ya safari, mama mmoja mnene alikaa kingoni na ndoo yake ya kaa, boti ikayumba kidogo tu, akateleza kinyumenyume akatua kwenye tope la mikoko miguu juu. Wakacheka. Wa pili akafuata, wa tatu akafuata. Mwenye boti mwenyewe aliteremka kuwasaidia, akashika ukingo, ukingo haukushikika. Mpaka leo abiria wa boti ile wanakalia magunia. Fundi aliposimuliwa hakucheka hata kidogo. Aliuliza kama kwenye tope palikuwa na mchanga, na kama boti ilikwaruzika.

Sasa niseme la kunyoa, maana bila hilo hamtamjua. Nyumbani kwake hapakuwa na kioo. Alinyolea kwenye magari. Kazi ikiisha kabisa, flana imeshapita, alilitoa gari juani, akaleta kikombe cha maji na wembe, akachuchumaa mbele ya mlango wa dereva na kunyoa ndevu zake akijitazama mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yake. Akimaliza bila kujikata, gari limekwisha, mwenyewe aje achukue. Akijikata, hata kidogo, alivalisha mashine kofia akaanza upya. Wenye magari walijua hivyo. Utawaona wamesimama nyuma yake wameshika pumzi, wanautazama wembe ukipita kooni kwa mtu, na wanachoogopea ni mlango.

Basi nilipoona ana plasta kidevuni wiki moja, na wiki iliyofuata tena, sikuwaza kitu. Kisha akaacha kunyoa, ndevu zikashuka mpaka kifuani. Watu wa msikitini wakampongeza kwa kuzidi ucha Mungu, akaitikia alhamdulillahi huku anatazama pembeni. Shavu halikufanya kazi tena kwa sababu ya ndevu, akahamia kwenye paji la uso. Ukimkuta bandani mchana ameinamia boneti, kichwa kimetulia juu ya rangi, ungedhani amesinzia.

Katika siku zile ndipo alipokipaka kigari changu. Nilikinunua kikuukuu, cha kupelekea sare mashuleni, kilikuwa na rangi tatu na hakuna iliyokuwa yake. Akakipaka bluu nzito. Akakisubiri, akakipiga msasa, akakivalisha kofia zote tatu nilizomshonea mwenyewe. Sikujua kwamba kitakuwa cha mwisho. Baada ya changu alianza kuwarudisha wateja, mara mashine inaumwa, mara umeme mdogo.

Nilijua siku aliposimama mlangoni kwangu akatoa salamu, akasema vumbi limezidi, akasema mkewe amempikia kunde siku ya tatu mfululizo, akauliza habari za mwanangu Tatu, akangoja jibu. Mimi nilikuwa nimetoka nje kununua uzi, nimesimama nyuma yake. Aliyekuwa akizungumza naye ni sanamu langu la kuvalisha nguo. Halina hata kichwa.

"Mama Tatu siku hizi umekuwa na maringo," akaliambia, akaondoka.

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya kizingiti. Kisha sikucheka tena. Nikamfuata.

"Fundi, unaniona?"

"Nakuona."

"Nimevaa nini?"

Akageuza uso upande wa barabara. Nilikuwa nimevaa dera la njano la kumfukuza ndege shambani.

"Ni mtoto wa jicho huo, Fundi. Utando tu. Pale Utete hospitali wanautoa, mtu anarudi na macho yake."

"Najua. Siogopi kisu miye."

"Unaogopa nini sasa?"

Alikuwa anapapasa kofia moja ya flana, anaizungusha mkononi.

"Naogopa kuona. Miaka miwili hii nimefanya kazi za watu gizani, kwa paji la uso. Sasa hivi sijui nimefanya nini, nalala. Wakinifungua macho nikakuta nimewawekea watu buibui, nitaweka wapi uso wangu, Mama Tatu? Binti yangu ananiita Chumbi kila siku nikaamie ndege kwenye mpunga wake. Wallahi nikikuta nimeharibu, naacha kila kitu hapa, nakwenda kupigia ndege madebe mpaka nife."

Moyo ukanilipuka paa. Si kwa sababu ya Chumbi tu. Kuna jambo nililokuwa nimelifanya mimi.

Alipokuwa ananikabidhi kigari changu alinionya: miezi mitatu maji tu, kimwagie, kisikauke juani, usikiguse na kitu. Nikaitikia. Ikaja Idi. Nilikuwa nakwenda Ikwiriri kwa mawifi, na wifi zangu mnawajua hata kama hamuwajui. Gari lilikuwa na vumbi na vinyesi vya ndege, maji peke yake hayatoi. Nikatazama sufuria zangu ukutani, zinavyowaka, hakuna mwanamke mtaani anayenishinda sufuria. Nazisugua kwa nini? Kwa makumbi ya nazi na majivu. Nikakunja mikono ya dera. Nilikisugua kigari kile kwa mapenzi yangu yote, duara juu ya duara, mlango baada ya mlango. Kilipokauka kilikuwa na utando wa buibui kutoka taa ya mbele mpaka taa ya nyuma. Nikakiegesha ukutani, nikakitupia kitenge, na kwa kuwa Fundi hakuuliza, sikusema.

Sasa fikirini. Magari mengine ya miaka ile miwili hayakuwepo. Moja liliuzwa kusini, moja lilipakwa rangi nyingine na mwenyewe mpya, moja lilibebeshwa mkaa mpaka likabaki bati, mengine yalikuwa ya wapita njia. Shahidi wake alibaki mmoja tu, kigari changu. Ningeweza kumwacha na utando wake wa macho na mimi nikabaki na wangu wa gari. Nakiri nililiwaza hilo, kama muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikaona haya, nikamwambia mkewe amfungie nguo, nikampeleka Utete mwenyewe kwenye gari lile lile. Njia nzima alikuwa ametoa mkono dirishani, anapapasa mlango kwa nje, na mimi naendesha jasho linanitoka.

Akatolewa utando jicho la kwanza, kisha la pili. Nilisikia amerudi. Siku nne hakutoka nje. Siku ya tano, saa sita mchana, jua la kichwani kabisa, saa ambayo yeye mwenyewe huchagua kukagulia, nikasikia hodi. Mara ya kwanza katika maisha yake kubisha hodi kwangu. Amevaa miwani nyeusi, ndevu mpaka kifuani, kwapani ana furushi la kofia.

"Dera la kijani," akasema.

"Naam, shikamoo Fundi."

"Marahaba. Lifunue."

Nikaondoa kitenge. Akavua miwani. Akalizunguka gari mara moja, taratibu, mikono nyuma. Hakutumia shavu wala paji la uso. Aliinama kwenye mlango wa dereva, akainama kwenye boneti, akarudi mlangoni. Nilikuwa nimeshika utepe wangu wa kupimia kwa mikono miwili.

"Buibui," akasema.

Hakusema kwa ukali. Ukali ningeuweza. Akakaa juu ya debe langu la maji, akaniwekea lile furushi miguuni.

"Watilie watoto kwenye mito. Ijumaa nakwenda Chumbi."

"Fundi."

"Gari zima, Mama Tatu. Hata mwanafunzi wa siku moja hafanyi hivi. Na wewe umenyamaza miezi yote hii ukinihurumia."

"Fundi, si wewe. Ni miye. Nilikisugua Idi ile."

"Ulikisugua na nini?"

"Makumbi."

"Makumbi gani?"

"Ya nazi. Na majivu."

Alinitazama kwa macho yake mapya. Yalikuwa mekundu, yanatoa machozi ya dawa.

"Unanidanganya," akasema. "Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kulisugua gari kwa makumbi na majivu. Umebuni hilo ili nisiende Chumbi."

Wallahi sijawahi kukosa kusadikiwa nikisema kweli kama siku ile. Nikamwapia. Nikamwonyesha makumbi yenyewe. Nikamwonyesha sufuria. Anatikisa kichwa tu. Ndipo nikajitazama nilivyo, nikakumbuka.

"Mimi kimo changu hiki hapa," nikamwambia. "Hata nikipanda juu ya tairi mkono wangu haufiki katikati ya paa. Pale hapakupita makumbi wala kitambaa. Pale ni kazi yako peke yake. Panda ukaone."

Nikamletea stuli ya cherehani. Akaipanda kwa shida, nimeishikilia miguu. Akaegemeza viganja ukingoni mwa paa, akapuliza vumbi, akalimwagia maji ya kikombe niliyompa, akalifuta kwa flana kutoka kwenye lile furushi. Kwa kunyoosha. Kisha akainama.

Alikaa vile muda mrefu. Basi lilipita, halikumshtua. Mimi chini naona miguu yake tu, ndala ni ya kulia peke yake, ya kushoto ilishakwenda kwenye msasa.

"Mama Tatu."

"Naam."

"Kuna mzee mwenye ndevu humu ndani."

"Ndiye wewe huyo, Fundi."

"Mbaya kweli," akasema. Akavuta kamasi, akasema, "Niletee wembe. Na maji mengine."

Nikampa wembe wangu mpya wa kufumulia nyuzi, sikumwomba ashuke. Alinyoa ndevu zote palepale, jua la saa sita, amesimama juu ya stuli ameinamia paa la kigari changu, na kuanzia unywele wa kwanza mpaka wa mwisho alikuwa akinitukana. Alinitukana mimi na makumbi yangu, akatukana majivu, akazitukana sufuria, akawatukana mawifi zangu ambao hajapata kuwaona. Abiria wa basi la kusini waliosimama kununua korosho walishusha vioo wasikilize. Nilishika miguu ya stuli nikatukanwa, na moyo wangu ulikuwa mweupe kama siku niliyomzaa Tatu.

Aliposhuka alijipitisha kiganja shavuni, upande huu na upande ule. Akaliokota furushi, akachagua kofia ya manyoya, akaniambia nilisogeze gari bandani.

Hakuwa amejikata hata mahali pamoja.